Gari Linapopanda Meli

Wengi wenu mmekwisha kuvuka mto kwa mtumbwi, na wengine mmevuka ziwa kwa boti. Lakini je, mmekwisha kuvuka bahari pamoja na gari lenu? Leo nataka kuwaeleza jinsi jambo hilo linavyofanyika, maana hutokea mtu wa kijijini akahitaji kwenda Unguja kumchukua mgonjwa au kuhamisha vyombo vya ndugu yake, naye hajui aanzie wapi. Mimi nilikwenda, nikaona, na tena nilikaribia kukosea. Basi someni taratibu, mpate faida ya safari yangu bila kupata hasara yake.

SABABU YA SAFARI

Dada yangu mkubwa aliolewa Unguja miaka mingi iliyopita. Mume wake alikuwa fundi seremala huko Mwanakwerekwe. Mwaka jana shemeji alifariki dunia. Baada ya matanga dada alituma neno nyumbani kwamba anataka kurudi kwetu. Alikuwa na cherehani, kitanda, masanduku mawili, na kabati kubwa ambalo marehemu alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Alisema, “Vingine vikibaki havidhuru. Kabati sitaliacha.”

Huenda mtu akauliza: mbona vyombo visipakiwe melini kama mizigo mingine? Yawezekana. Lakini mizigo ya namna hiyo hushushwa na kupandishwa mara nyingi, na kila mara kuna wachukuzi wa kulipa na kuna hatari ya kuvunja. Gari hupakiwa mara moja mlangoni pa nyumba, na kupakuliwa mara moja mlangoni pa nyumba nyingine. Kwa kabati la mbao nzito lenye kioo, hiyo ndiyo njia ya salama.

Basi tukafanya kikao cha ukoo. Jirani yetu mwema akatuazima pikapu yake. Vijana wakachanga fedha za petroli na nauli. Mpwa wangu, ambaye ana leseni, akakubali kuendesha. Wazee nao wakatoa magunia manne ya mchele mpya, yawe shukrani kwa wakwe zetu waliomtunza dada siku za msiba. Haifai kwenda kumchukua mtu mikono mitupu.

KUINGIA MJINI

Sisi ni watu wa upande wa Morogoro. Kutoka Morogoro mjini hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 190. Unapita Chalinze, Mlandizi na Kibaha, kisha unashuka Kimara mpaka Ubungo, mahali ambapo tangu mwaka 2021 barabara zimepandana juu kwa juu. Ukitoka hapo unafika Magomeni, halafu unateremka bonde la Jangwani, ambalo mto Msimbazi hulifurika mvua zikiwa kubwa. Ukipanda upande wa pili, umefika mjini.

Dereva wa kijijini azingatie jambo moja hapa. Katikati ya barabara hiyo kuna njia ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016. Ni njia nzuri, pana, na mara nyingi iko tupu. Hapo ndipo wageni hudanganyika. Usiingie humo hata kidogo, maana ni ya mabasi hayo tu. Mpwa wangu alikwisha kukata usukani, nikampigia kelele akarudi.

KARIAKOO

Tulifika Kariakoo saa nne asubuhi. Yafaa mjue asili ya jina hilo. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwaka 1916, na mahali hapa wakaweka kambi ya wapagazi wa jeshi, yaani Carrier Corps. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Wapagazi hao walibeba risasi, chakula na majeruhi kwa vichwa na mabega, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na njaa. Hata leo, ukiona vijana wa Kariakoo wakikimbia na mizigo kichwani au wakisukuma mikokoteni huku wakipaza sauti watu wapishe njia, utakumbuka kwamba mtaa huu ulizaliwa na watu wa kubeba mizigo.

Soko lenyewe lilifunguliwa mwaka 1975. Aliyelichora ni Mtanzania, Beda Amuli. Paa lake limefanywa kwa zege, nalo lina umbo la miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini. Chini ya ardhi kuna sehemu iitwayo Shimoni. Mwezi Julai 2021 soko hilo liliungua moto, wafanyabiashara wengi wakapoteza mali zao, na baadaye likafanyiwa matengenezo. Lakini msidhani kwamba Kariakoo ni jengo moja. Kariakoo ni mitaa yote inayolizunguka: Kongo, Sikukuu, Mkunguni, Narung'ombe, Msimbazi na mingine mingi. Kila mlango ni duka, na mbele ya kila duka kuna mwingine aliyetandaza bidhaa zake chini.

Gari likisimama hapo, mtu mmoja abaki nalo daima. Mimi nilibaki na magunia, mpwa wangu akaenda kununua kamba na turubai. Aliporudi tukalipeleka gari Gerezani, karibu tu na hapo, kwa mafundi, likaguliwe kabla ya kuingia melini.

Fundi, mzee mwenye mikono myeusi kwa grisi, alivuta breki ya mkono, akacheka. “Hii imekufa zamani,” akasema. “Mnaegeshaje?”

Mpwa wangu akajibu kwa ukweli, “Tunaweka jiwe.”

Mzee akasema, “Huko kwenu mlima hautikisiki. Meli inatikisika. Jiwe lako litahama pamoja na gari.” Akabadilisha waya na kuikaza breki. Fedha tuliyomlipa hatukuwa tumeipangia, na hapo ndipo mahesabu yetu yalipoanza kupungua.

BANDARINI

Kutoka Kariakoo mpaka bandari ya boti za Unguja si mbali. Unapita Mnazi Mmoja, unaingia mjini penyewe, na katika barabara ya Samora utaiona sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita ile ile niliyoitaja. Ukiendelea kuteremka unatokea barabara ya Sokoine na bahari iko mbele yako. Hapo ndipo lilipo kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lililomalizika kujengwa mwaka 1902, na ng'ambo ya barabara ndipo wanapopandia wasafiri wa Unguja.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba si kila meli huchukua magari. Boti zile ziendazo mbio huchukua watu na mizigo midogo tu. Magari huchukuliwa na meli kubwa zenye mlango mpana unaoshuka kama daraja, nawe unaendesha mpaka ndani. Hizo huenda polepole zaidi, wala hazina safari nyingi kama boti. Kwa hiyo mtu mwenye gari yampasa aende kuuliza siku na nafasi kabla.

Jambo la pili ni karatasi. Chukua kadi ya gari, bima, leseni ya dereva na vitambulisho. Ikiwa gari si lako, chukua barua ya mwenyewe, yenye sahihi yake na namba yake ya simu. Sisi tulikuwa nayo, kwa kuwa jirani yetu alikuwa na busara kuliko sisi.

Jambo la tatu ni nauli. Gari hulipiwa kwa ukubwa wake na namna yake, na mzigo nao una hesabu yake. Karani akalitazama gari, akatazama magunia, akaandika hesabu, akanipa. Wasomaji, niliisoma karatasi ile mara mbili. Tulikuwa na fedha ya kwenda tu, na ya kurudi ilikuwa pungufu, tena pungufu kubwa.

MAGUNIA YA MTU MWINGINE

Tulirudi Kariakoo kwa huzuni, maana tulikuwa na usiku mmoja wa kufikiri. Tukiwa tunakula mtaani, akatujia mtu wa makamo, mwenye maneno mazuri. Alikuwa amesikia mazungumzo yetu. Akatuita ndugu zake, akalipa chakula chetu. Kisha akasema ana magunia sita ya kupeleka Unguja. Tukiyaweka katika pikapu chini ya mchele na kuyafunika turubai, yeye atalipa nauli yote ya gari, kwenda na kurudi.

Nikamwuliza, “Ni magunia ya nini?”

“Nguo tu,” akasema. “Ila mkiulizwa, semeni ni vyombo vyenu vya nyumbani.”

Mpwa wangu alinitazama kwa macho ya furaha. Nami sitawaficha: nilikwisha kufungua kinywa changu kukubali. Niliwaza dada akitungoja na kabati lake. Niliwaza fedha za ukoo. Nikajisemea moyoni kwamba gunia ni gunia, na hatujaiba kitu cha mtu. Tukaagana tukutane naye asubuhi.

Usiku ule sikulala vizuri. Neno moja lilinizunguka: kama magunia hayo ni ya halali, kwa nini niseme ni yangu? Na kama ni yangu, basi chochote kitakachoonekana ndani kitakuwa changu pia. Gari lingekamatwa, na gari ni la jirani. Mpwa wangu angekamatwa, naye ni mtoto wa dada yuleyule tuliyekuwa tunakwenda kumtoa katika msiba.

Tena kulikuwa na jambo la uzito. Meli haijui huruma. Karani huandika mzigo ili nahodha ajue meli imebeba nini. Kila mtu akificha magunia sita, nahodha atakuwa anaongoza meli asiyoijua.

Haya si maneno ya kutishana. Mnakumbuka MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu wakafa. Mnakumbuka Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba. Mnakumbuka tena Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na kufika Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Habari hizo zina fundisho lile lile: chombo kilipewa mzigo kupita kiasi chake, na kila mmoja alidhani kwamba nyongeza yake ni ndogo.

Hata nchi zilizoendelea zimejifunza kwa machozi. Tarehe 6 Machi 1987 meli ya magari iliyokuwa ikitoka Ubelgiji kwenda Uingereza iliondoka bandarini milango ya mbele haijafungwa. Maji yaliingia katika sakafu ya magari, na kwa dakika chache tu ikapinduka. Watu 193 wakafa. Mwaka 1994 meli nyingine ya magari, Estonia, ilivunjika mlango wake wa mbele katika dhoruba, na watu 852 wakapotea. Sakafu ya magari ni ukumbi mmoja mpana usio na kuta za katikati. Maji yakiingia hukimbilia upande mmoja wote kwa pamoja, na uzito huo huivuta meli ilale. Jaribuni wenyewe: bebeni sinia pana lenye maji, mtaona jinsi linavyowashinda mkono.

Asubuhi nikamwambia yule mtu, “Ndugu, twende pamoja bandarini, magunia yako yapimwe kwa jina lako, nasi tutayabeba kwa furaha.” Akacheka, akasema mimi ni mshamba. Akaondoka, hatukumwona tena. Yaliyokuwamo ndani ya magunia yale sikuyajua mpaka leo, wala sihitaji kuyajua.

Mpwa wangu alinuna. “Sasa nauli tutaipata wapi?” akauliza. Nikamwonyesha mchele.

Tuliuza magunia matatu kwa mwenye duka la nafaka, kwa bei ya mtu mwenye haraka, yaani bei mbaya. Likabaki gunia moja. Niliona aibu nikiwafikiria wakwe, lakini nauli ilitosha, kwenda na kurudi, na gari likawa jepesi.

NDANI YA MELI

Siku ya safari tulifika mapema. Magari yalipangwa mstari, yakaingizwa moja moja kwa kuonyeshwa na wafanyakazi. Wengine waliingia kinyumenyume ili watoke kwa urahisi. Hapo dereva asijifanye hodari. Amfuate yule anayemwonyesha, na abiria wote washuke kwanza.

Gari likisimama, unazima mota, unavuta breki ya mkono, unaliacha katika gia, kisha wafanyakazi huweka kabari magurudumuni na kulifunga. Baada ya hapo nyote mnapanda juu kwenye viti. Asibaki mtu ndani ya gari, hata kama ana usingizi, hata kama ana mtoto mdogo. Septemba 2019 kule Likoni, Mombasa, gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka katika kivuko, na ndani yake alikuwamo mama na binti yake. Liliopolewa baada ya karibu majuma mawili, kutoka kina cha mita 58. Nilipoisikia breki yetu ikikaza “krrr”, nilimkumbuka yule mzee wa Gerezani, nikamshukuru kimoyomoyo.

Meli ikang'oa nanga. Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba, na kwa hiyo unauona mji kwa karibu unapotoka. Tuliona soko la samaki, tukaona Magogoni, na pantoni la Kigamboni likingoja tupite ili livushe watu na magari yake. Siku hizi wenye magari wa Kigamboni wana njia nyingine pia, yaani daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. Daraja huondoa vivuko vingi. Hata mpaka wetu na Msumbiji, juu ya mto Ruvuma, tangu 2010 kuna Daraja la Umoja. Lakini Unguja hakuna daraja, na bahari yenyewe ndiyo barabara.

Bahari hii ilikuwa mpaka wa nchi mbili mpaka tarehe 26 Aprili 1964, Tanganyika na Zanzibar zilipoungana. Hata sasa utaona alama za zamani: magari ya Bara yana namba zinazoanza na T, na ya Zanzibar zinaanza na Z, na ukirudi Dar es Salaam mizigo yako hutazamwa na watu wa forodha.

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya vilibaki kushoto kwetu. Kisha tukaona maji matupu. Mpwa wangu alitapika mara tatu, na kununa kwake kukaisha.

KABATI

Tulishuka Malindi salama. Siku ya pili dada alituomba tumpeleke kwanza katika kanisa la Minara Miwili, mahali alipofungia ndoa. Nalo, kama lile la Dar es Salaam, ni la Mtakatifu Yosefu, seremala. Alikaa humo kidogo, akatoka akiwa amekwisha kufuta machozi.

Wakwe niliwaeleza habari ya mchele kama ilivyokuwa, maana niliona ni afadhali aibu ya kweli kuliko heshima ya uongo. Mzee wao alinyamaza, kisha akasema, “Gunia moja limefika na ninyi mmefika. Mngekamatwa, tungekula nini hapo?” Akaagiza lipikwe siku ile ile, tukala wote pamoja.

Kabla ya kurudi tuliandika orodha ya vyombo vyote, kimoja kimoja, tukachukua na barua ya Sheha ikisema kwamba ni vya mjane anayehama. Kule Dar es Salaam ofisa alisoma, akalitazama kabati, akaligonga kwa kidole. “Mninga?” akauliza. Dada akajibu, “Mninga. Alilifanya mume wangu.” Ofisa akarudisha turubai kwa mkono wake mwenyewe.

Leo kabati hilo liko nyumbani kwa dada, na kioo chake hakina ufa. Mpwa wangu amekwisha kulipa fundi wa kijiji kukagua breki za mkono za magari mawili ya majirani. Mawe bado wanayo, lakini sasa ni ya akiba.

Basi, wasomaji, mkipata safari ya namna hii, kumbukeni: ulizeni siku ya meli kabla, karatasi ziwe kamili, breki ikaguliwe, fedha ya kurudi ihesabiwe kabla ya fedha ya kwenda, na katika gari lenu usiingie mzigo ambao mwenyewe hataki kuutaja kwa jina lake. Nawatakia safari njema.